Posa ya Jumamosi, Korti ya Jumatatu

"Wewe Pascalia, siku ile fahali alimwangusha Sydney, wewe ulikuwa umesimama na nani?"

Moraa jirani aliuliza hivyo mara moja tu, miezi mingi iliyopita, akiwa ameinama mlangoni pake anachambua kunde. Hakuinua macho. Pascalia alimjibu kwamba uwanja ulikuwa umejaa watu, alisimama na watu. Moraa akasema haya, akaendelea na kunde zake. Lakini Moraa ndiye aliyekuwa akiuza chai uwanjani siku ile ya pambano la mafahali, na kibanda chake kilikuwa na upande wa mbele na upande wa nyuma. Toka hapo Pascalia hakuwa na raha. Swali lile lilimfuata kisimani, likamfuata kanisani, likaketi naye kwenye benchi wakati wa maombi ya toba.

Sasa ilikuwa Jumamosi. Kwa mama yake Pascalia, karibu na barabara ya Malava, jogoo mkubwa alikuwa amechinjwa tangu asubuhi. Vitambaa vya viti vilikuwa vimefuliwa na kupigwa pasi. Jairus Makhanu, mwenye fahali, alikuwa njiani na wazee wake kuja kumposa Pascalia. Na Jumatatu, Jairus huyo huyo angesimama katika korti ya Kakamega kujibu kesi ya Sydney, mdogo wake Pascalia, aliyevunjwa goti na fahali wa Jairus.

"Hii dunia ina mambo," Mama alisema, akigeuza nyama kwenye sufuria. "Jumamosi mtu anakula kuku wako, Jumatatu mnaangaliana mbele ya jaji kama watu hawajuani."

"Mama, si baba mdogo ndiye alisema wakuje?"

"Joash alisema tukiwa ndugu kesi itaishia nyumbani. Joash anapenda vitu viishie nyumbani, hasa vikiishia na nyama." Mama alifunika sufuria, akajifuta mikono kwa leso. Tangu mumewe afariki, Mungu alikuwa amemfundisha kutazama kabla ya kusema. Akamtazama binti yake sasa, pole pole, kama mtu anayepima iwapo maji yamechemka. "Unampenda?"

"Nampenda, Mama."

"Hilo nalijua. Nilitaka tu kusikia unavyolisema." Akapunguza kuni motoni. "Umelisema kama mtu anayelilia kitu."

Pascalia alichukua beseni akatoka nje, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Sydney alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta, magongo yake mawili yameegemea mti wa mpera. Kabla ya siku ile alikuwa winga, kijana ambaye hata wazee waliacha kupalilia kwenda kumwangalia akikimbia na mpira. Timu moja ya ligi ilikuwa imemwita kwa majaribio. Kila kitu kilikuwa kimepangwa, mpaka nauli. Sasa goti lilikuwa limeshonwa na halikunjiki.

"Leo umevaa," akamtania dada yake. "Unang'aa kama sufuria mpya. Huyo Jairus akikuona atasahau kesi."

"Wacha maneno yako."

"Dada." Sauti yake ilibadilika. "Kuja kidogo hapa. Nataka kukuuliza kitu, na usinicheke."

"Sikucheki."

"Siku ile, labda nilivuka kamba ya watazamaji."

Beseni karibu limponyoke Pascalia.

"Nani amekwambia ulivuka?"

"Wote. Jairus ameandikisha hivyo, kwamba alikuwa ameshika kichwa cha fahali, na mimi nikavuka kamba kupiga picha. Watu wa ngoma wanasema hivyo. Waliopanga yale mashindano wanasema mimi nilijiingiza mwenyewe, na mtu akijiingiza mwenyewe kwa mchezo wa hatari hana wa kulaumu. Nimesikia hiyo hadithi mpaka nikilala naiona. Naona mguu wangu ukivuka kamba." Alijishika kichwa. "Zamani nilikuwa na uhakika. Sasa sijui tena. Jumatatu wakiniuliza, nitaapa kwa Biblia niseme nini? Labda nilijivunja mwenyewe, halafu nimewasumbua nyinyi wote bure."

Pascalia alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, yamesimama nyuma ya meno. Lakini kutoka barabarani ikasikika honi, na Joash baba mdogo akatoka mbio huku akifunga shati, akiita, "Wageni! Wageni wamefika! Pascalia, kwani unaanika nini hapo? Ingia ndani!"

Akaingia ndani.

Wageni walikuwa watano, na mkubwa wao alikuwa Mzee Osiako, mjomba wake Jairus, mtu mnene mwenye kicheko cha kujaza nyumba. Walileta blanketi la Mama, kitenge, sukari na majani ya chai, vikawekwa mezani na hakuna mtu aliyevigusa, maana zawadi ya posa haiguswi kabla msichana hajaulizwa. Watu wakasalimiana mulembe, mulembe, mpaka salamu zikaisha.

Jairus aliingia mwisho. Alivaa shati jeupe, na alikuwa amekonda. Pascalia alikuwa amejiapia hatamwangalia, lakini macho hayana mchungaji. Alimwangalia. Naye alikuwa tayari anamwangalia, kwa macho yale yale ya zamani, ya mtu aliyetembea mbali na kuona nyumba yao. Moyo wa Pascalia ukagonga mpaka akaogopa Mama atausikia.

Alizunguka na birika na beseni akiwanawisha wageni. Alipofika kwa Jairus akainama, akamwagia maji ya vuguvugu. Mikono ile aliijua. Ilikuwa na makovu ya kamba kuanzia kidole gumba mpaka kwenye kifundo, mikono ya mtu aliyefuga fahali tangu akiwa ndama. Maji yalipita juu ya makovu, na Jairus hakuiondoa mikono hata ilipokuwa safi.

"Nyuma ya jiko," alinong'ona bila kusogeza midomo.

"Huyu kijana mikono yake ni michafu sana ama?" Mzee Osiako akauliza, na watu wakacheka. "Wacha maji, binti, utatumalizia kisima! Joash, hebu tuambie ukweli kabla hatujaendelea. Firigisi iko wapi?"

"Firigisi ni ya mwenye boma," Joash akajibu. "Ndugu yangu hayuko, kwa hivyo ni yangu."

"Ni ya mgeni!"

"Mgeni anapewa paja, Mzee. Hata Malava kwenyewe mnajua hiyo."

Walipokuwa wakibishana, Jairus akatoa simu, akajifanya anapigiwa, akatoka. Pascalia akachukua kikapu cha kuni.

Alimkuta amesimama karibu na rundo la kuni, mahali moshi wa jiko ulipokuwa ukipita. Ilikuwa imepita miezi bila sauti yake, bila hata salamu ya kutumana, na sasa alikuwa hapa, angeweza kumgusa.

"Umependeza," Jairus akasema.

"Hukunipigia hata simu moja."

"Wakili alinikataza. Alisema nikionekana na dada ya mlalamishi nitaharibu kesi."

"Na sasa amekuruhusu?"

Jairus akaangalia kuni.

"Nimekuuliza, Jairus. Juzi dada ya mlalamishi alikuwa sumu. Leo umekuja na blanketi na sukari. Amekuambia nini?"

"Nimekuja kwa sababu nakupenda. Hilo wakili hawezi kunifundisha."

"Sijakuuliza hilo. Nimekuuliza amekuambia nini."

Akavuta pumzi. Hakuwa mtu wa kudanganya kwa urahisi. Uongo ulimkaa vibaya, kama kiatu cha kuazima. "Nilimwambia ukweli wa ile siku. Yeye peke yake. Akasema mtu na bibi yake ni kitu kimoja, na zawadi zikipokelewa leo wewe ni bibi yangu kimila. Ukiwa bibi yangu, hakuna atakayekuita usimame pale useme juu ya bwanako. Na hata akikuita, watasema ni mambo ya nyumba."

Kikapu kilianguka. Hakukiokota.

Kwa wenye mafahali kuna mwiko ambao hata mtoto wa kunyonya angeujua kama angeweza kusema. Siku ya pambano, mwenye fahali haachi kichwa cha fahali wake. Fahali ameimbiwa tangu alfajiri, amezungushwa na ngoma za isukuti, damu yake imechemka, na katika kelele zote zile anaijua sauti moja tu, ya yule aliyemlea. Tena mwenyewe hasemi na mwanamke mpaka pembe ziwe zimegusana. Jairus aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Lakini siku ile alimwona Pascalia kwa mbali, amevaa kitambaa cha kijani, na akamwachia mlevi mmoja wa kikundi cha ngoma kamba ya Misumari, fahali wake, akaja nyuma ya kibanda cha Moraa. Alikuja kumwambia neno moja. Nikishinda leo, wiki ijayo nakuja kwenu. Pascalia alicheka kwa furaha, naye akamshika mkono. Walikuwa bado wameshikana mikono ngoma zilipokatika zote kwa pamoja. Wakachungulia pembeni ya kibanda. Wakaona.

"Kwa hivyo unaoa mimi," Pascalia akasema polepole, "ama unaoa mdomo wangu?"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Mimi nililala kila siku nikiomba ukuje. Nilimwambia Mungu, hata akuje bila kitu, akuje tu. Kumbe nilikuwa nangoja wakili."

"Nilikuwa nakuja! Wewe unajua nilikuwa nakuja. Nilikuambia nyuma ya kile kibanda, kabla ya kesi, kabla ya yote. Hilo neno si la wakili, Pascalia. Hilo ni langu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Fikiria na wewe," Jairus akaendelea, akisogea karibu. "Fikiria Mama yako amekaa korti na leso yake ya kanisa, wakili anakuuliza mbele ya watu: ulikuwa nyuma ya kibanda na huyu mwanaume, mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunaongea."

"Nani atakubali kwamba tulikuwa tunaongea? Niliandika vile niliandika ili nikufiche wewe."

"Mimi tu?"

Jairus akasukuma ukuni mmoja kwa kiatu.

"Mimi tu, Jairus?"

"Na mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Wakijua nilimwacha fahali, nimekwisha. Shamba la baba linaenda. Misumari anaenda. Hakuna mtu wa Malava atanisalimia, kwa sababu si kesi tu, ni mwiko. Watasema huyo ndiye aliacha kichwa cha fahali akafuata nguo ya mwanamke."

"Na Sydney alivuka kamba?"

"Pascalia."

"Nakuuliza. Wewe uliandikisha kwamba alivuka. Ulimwona?"

"Labda kabla ya—"

"Tulimwona pamoja! Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wako! Alikuwa upande wetu wa kamba, amegeuza mgongo, anacheka na wenzake, ana muwa mkononi. Misumari ndiye alivuka." Akamnyooshea kidole. "Unajua ameniambia nini leo? Ameniambia labda alivuka. Hana uhakika tena. Anaona kwa ndoto mguu wake ukivuka kamba kwa sababu wewe ulisema. Fahali alichukua goti lake, Jairus. Wewe unachukua macho yake."

Jairus alijifunika uso kwa ile mikono ya makovu. Alipoiondoa, macho yalikuwa mekundu, na si kwa sababu ya moshi.

"Nitamtunza," akasema. "Nakuapia. Akiwa shemeji yangu nitampeleka hospitali kubwa, goti lishughulikiwe tena. Hatakosa kitu. Sema tu ndiyo leo. Tuvuke hii Jumatatu, halafu maisha yote nitakuwa nikilipa hii deni kwako. Pascalia wangu."

Akamshika mkono. Mkono wa Pascalia ulijua kwamba unapaswa kutoka, na haukutoka. Ulikaa pale, ukapata joto lake, ukakumbuka. Wangekuwa na nyumba. Asubuhi angemsikia akimwimbia fahali uani. Sydney angetibiwa. Mama asingeaibika. Ilikuwa ndiyo moja tu, na wasichana wengi wamesema ndiyo kwa mambo mabaya kuliko hayo, na Mungu akawabariki na watoto.

"Pascalia!" Sauti ya baba mdogo Joash ilitoka mlangoni. "Hizo kuni unazipanda ama unaziokota? Wazee wanangoja!"

Ndani, mifupa ilikuwa imeondolewa mezani. Firigisi ilikuwa imekatwa vipande viwili ili amani ipatikane. Joash akamketisha Pascalia kwenye kigoda katikati, uso kwa wageni. Jairus akarudi mahali pake na hakuinua kichwa.

"Sasa," Joash akasema, akisafisha koo. "Kwetu hatutoi msichana gizani. Lazima aulizwe mbele ya watu, na lazima tumsikie. Pascalia, hawa watu unawajua?"

"Nawajua."

"Yule ambaye wanasema amewaleta, unamjua?"

"Namjua."

"Basi hivi vitu viko hapa mezani. Tuvipokee, ama turudishe?"

Kuku mmoja alikuwa akiparura chini ya dirisha. Pascalia akaangalia blanketi, akamwangalia Mama, aliyekuwa ameketi kando ya mlango wa jikoni na mikono yake miwili mapajani.

"Mtoto wa watu ana haya," Mzee Osiako akacheka. "Msichana akinyamaza ni ndiyo. Joash, chukua blanketi tuimbe."

"Kwangu mimi," Mama akasema kwa utaratibu, "mtu akinyamaza amenyamaza. Mngojeni."

"Kabla sijajibu," Pascalia akasema, "naomba Sydney aitwe."

Wakaangaliana. Joash akafungua mdomo kukataa, Mama akamtikisia kichwa kumzuia, basi Sydney akaitwa. Magongo yakasikika kwenye saruji, tok, tok, naye akasimama mlangoni, akijaribu kutabasamu. "Nimeitwa kuimba?"

"Sydney," Pascalia akasema. "Hukuvuka kamba."

Tabasamu likabaki usoni pa kijana bila kujua pa kwenda.

"Binti, hayo ni ya korti!" Mzee Osiako akaruka. "Sisi tumekuja kwa mambo ya heri. Joash, mnyamazishe mtoto wako!"

"Nyumba ni yangu, Mzee," Mama akasema. Hakupaza sauti. "Mwache aseme."

"Hukuvuka," Pascalia akarudia, na sasa maneno yalitoka yenyewe. "Nilikuona. Ulikuwa upande wetu, umegeuza mgongo, ulikuwa unakula muwa. Na Jairus hakuwa ameshika fahali. Alikuwa na mimi, nyuma ya kibanda cha Moraa. Alikuja kuniambia atanioa. Kamba alimwachia mlevi. Mimi ndiye alikuja kuona. Mama, unisamehe. Tulikuwa tunaongea tu, lakini tulikuwa huko."

Moraa angekuwepo angejua sasa, bila kuuliza tena.

Mama hakumwangalia binti yake. Alimgeukia Jairus, akamwangalia kwa yale macho yake ya kupima, muda mrefu.

"Mwanangu," akasema. "Hayo ni kweli?"

"Usijibu!" Mzee Osiako akamshika mpwa wake bega. "Wakili alisema usijibu neno lolote kwa mtu yeyote. Jairus! Huyu msichana amekasirika tu, wasichana hukasirika, kesho atasema lingine. Sema ni uongo tuende nyumbani."

Na hapo ndipo Pascalia alipoogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Neno moja la Jairus lingemfanya yeye kuwa mwongo mbele ya wazee wote, msichana aliyejipaka matope mwenyewe. Alikuwa amempa kisu, akakaa mbele yake bila ngao. Jairus akainua kichwa. Macho yao yakakutana juu ya ile meza, juu ya blanketi na kitenge, na kwa muda ule hapakuwa na mzee wala wakili. Walikuwa wawili tu.

Jairus akautoa mkono wa mjomba wake begani.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Nilikuwa na yeye. Fahali nilimwacha. Sydney hakuvuka kamba yoyote. Mimi ndiye nilivuka."

"Umejichinja!" Mzee Osiako akapiga paja lake. "Mbele ya mashahidi! Umejichinja mwenyewe kama jogoo!"

Lakini Jairus alikuwa bado anamwangalia Pascalia, na uso wake ulikuwa umelegea, mwepesi, kama wa mtu aliyetua mzigo barabarani na hajui ataubeba nani. Huyo ndiye mwanaume aliyempenda. Alikuwa amerudi. Pascalia akahisi moyo wote unamwendea, hata akainuka kidogo kwenye kigoda.

"Dada."

Akageuka.

Sydney alikuwa ameegemea mlango. Hakuwa akimwangalia Jairus hata kidogo.

"Miezi yote hii ulijua."

"Sydney—"

"Ulikuwa unanibeba kwenda chooni na ulijua. Ulikuwa unanibadilishia bandeji, unaniuliza, inauma, pole, na ulijua." Hakuwa akipiga kelele. Ingekuwa afadhali kama angepiga. "Leo hii nimekuuliza. Nimekuambia nitapata wazimu. Ukaniangalia hivi, ukaenda kuwanawisha wageni."

"Nilitaka kukuambia pale, wageni wakaingia."

"Wageni," Sydney akasema. Akacheka kidogo bila furaha. "Ni sawa. Wageni ni baraka."

Akageuza magongo yake. Alihangaika kidogo kwenye kizingiti, mahali ambapo siku zote Pascalia alikuwa akimshika kiwiko, na mtu mmoja katika wageni akainuka kumsaidia, naye akamkatalia kwa kichwa. Tok, tok kwenye saruji. Kisha udongo, na sauti ikawa nzito. Walimwona dirishani akipita kando ya mpera, akielekea barabarani, akirusha goti lake lisilokunjika mbele yake kama kitu cha mtu mwingine.

Mama alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikitembea.

Joash akakohoa. Alikuwa mtu wa desturi, na alipokosa la kufanya alishika desturi. "Pascalia," akasema kwa upole ambao hakuwahi kuutumia naye. "Swali bado liko mezani. Kijana amesema ukweli, na ukweli ni kitu kikubwa. Jumatatu ni ya Mungu. Lakini leo, hivi vitu, tuvipokee, ama turudishe?"

Jairus hakumwomba kwa mdomo. Alifungua tu viganja vyake magotini, mitupu, na makovu yake yakaonekana yote. Alikuwa amepoteza shamba na jina na fahali kwa sentensi moja, na bado macho yake yalikuwa yanauliza kitu kimoja tu, kile kile alichokuja kuuliza nyuma ya kibanda siku ile ya ngoma. Pascalia alijua kwamba akimwangalia tena hataweza kuondoka.

Hakumwangalia. Akainuka kwenye kigoda, akapita katikati ya magoti ya wazee, akapita meza na blanketi lililokunjwa, akavuka kizingiti na kuifuata sauti ya magongo barabarani, bila kusema ndiyo wala hapana.